Dubai hadi Guangzhou: kwa nini tiketi inaonyesha masaa 11 kwenda na masaa 4 kurudi?

Swali: *Shikamoo mtaalamu. Nina duka la nguo za watoto Kariakoo. Mwezi wa kumi nakwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza, kwenye maonyesho ya Canton, ila nitakaa kwanza siku mbili Dubai kwa sababu nina mzigo wa kuukagua Deira. Tiketi ya Dubai–Guangzhou inasema naondoka 10:40 nafika 22:00. Kurudi naondoka 00:15 nafika 05:00. Nikihesabu, kwenda ni masaa 11 na dakika 20, kurudi masaa 4 na dakika 45. Mtandaoni nimeona umbali ni kilomita 5,830 na muda ni masaa 6 na dakika 50. Kipi ni kweli? Wakala wangu anasema kurudi ndege inasaidiwa na mzunguko wa dunia, ndiyo maana inawahi. Shemeji yangu anasema huo ni uongo, ila naye hana maelezo. Nauliza kwa sababu natumia dawa ya presha, na mara ya mwisho nilipotoka Dar kwenda Dubai miguu ilivimba mpaka viatu vikagoma kuingia. Nafikiria kubadilisha tiketi ya kwenda nipitie Bangkok nipumzike njiani, halafu kurudi nije moja kwa moja kwa kuwa ni karibu. Nifanyeje?*

Jibu: Marahaba, dada. Kabla hujalipa hela ya kubadilisha tiketi, subiri kidogo. Unataka kujikinga kwenye safari iliyo fupi na kuiacha wazi ile ndefu. Kwenda Guangzhou ni masaa 7 na dakika 20. Kurudi Dubai ni masaa 8 na dakika 45, tena usiku wa manane, wakati utakapokuwa umejikunja kitini umelala. Shemeji yako yuko sahihi. Maelezo aliyoyakosa haya hapa.

Tuanze na saa. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya ukutani ya mji unaotajwa. Dubai iko masaa 4 mbele ya Greenwich. Guangzhou iko masaa 8 mbele, kama China yote, maana nchi ile pamoja na upana wake wote inatumia saa moja tu, ya Beijing. Kwa hiyo ukitua Guangzhou saa nne usiku, Deira ndiyo kwanza saa kumi na mbili jioni. Kutoka saa nne na dakika arobaini asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, kwa saa ya Dubai pekee, ni masaa 7 na dakika 20. Kurudi ni kinyume chake. Ndege ikiondoka Guangzhou saa sita na robo usiku, Dubai bado ni saa mbili na robo usiku. Unatua saa kumi na moja alfajiri. Hesabu mwenyewe utapata masaa 8 na dakika 45.

Kama bado una wasiwasi, jumlisha zile hesabu zako mbili, 11:20 na 4:45. Zinaleta masaa 16 na dakika 5. Jumlisha zangu, 7:20 na 8:45. Jibu ni lile lile. Saa za miji hukuongezea upande mmoja na kukupunguzia upande wa pili kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo ukiwa na tiketi ya kwenda na kurudi wala huhitaji kujua tofauti ya saa ili kupata wastani. Jumlisha, gawa kwa mbili. Hapa ni kama masaa 8 kila upande.

Sasa kuna mtego ambao hukuuliza, nao umeshawaponza wengi wetu tuliokua tukihesabu siku kuanzia alfajiri. Tiketi yako ya kurudi inasema 00:15. Tuseme tarehe iliyoandikwa ni 24. Hiyo ni saa sita na robo ya usiku wa kuamkia tarehe 24, yaani unatakiwa uwe uwanjani tarehe 23 usiku, saa tatu hivi. Mtu anasoma "tarehe 24", anashinda sokoni tarehe 24 mchana kutwa, anakwenda uwanjani usiku wake na masanduku yamejaa, anaambiwa ndege yake iliondoka jana. Na hoteli nayo anakuwa amelipia usiku wa ziada. Chukua kalamu sasa hivi, andika juu ya tiketi ile siku ya kutoka hotelini, si siku ya ndege.

Tuje kwa wakala wako na mzunguko wa dunia. Dunia kweli inazunguka kuelekea mashariki, na kwenye latitudo za Dubai na Guangzhou ardhi inakwenda kasi ya kama kilomita 1,520 kwa saa. Kama ndege ikiwa angani ingeachwa nyuma na dunia, usingehitaji hata injini ya kukurudisha. Ungening'inia juu ya Guangzhou masaa manne kasoro, Dubai ikufikie yenyewe. Lakini hewa yote inayoizunguka dunia inazunguka nayo, na ndege imo ndani ya hewa hiyo, ilishakuwa na mwendo huo tangu imesimama uwanjani. Ukiwa kwenye treni ya SGR inayokwenda Dodoma ukarusha chungwa juu, linarudi mkononi mwako, haliangukii behewa la nyuma. Ni habari hiyo hiyo.

Ila wakala hakuokota neno hilo hewani. Mzunguko wa dunia unahusika, kwa njia ndefu kidogo, na matokeo yake ni kinyume cha alivyokuambia. Hewa ya moto inayopanda maeneo ya Ikweta husafiri juu juu kuelekea kaskazini, na kwa sababu dunia inazunguka, hewa hiyo hupinda kuelekea mashariki. Ikifika kwenye latitudo ya 25 hadi 30 hivi, huwa imejikusanya na kuwa mto wa upepo ulio kilomita 10 hadi 12 juu ya ardhi, na majira ya baridi kasi yake huweza kupita kilomita 200 kwa saa. Mto huo hukatiza kaskazini mwa India, upande wa kusini wa safu ya Himalaya, kisha kusini mwa China. Angalia ramani uone Dubai na Guangzhou ziko wapi: latitudo 25 na 23. Yaani njia yenu imelala sambamba na mto huo. Kwenda Guangzhou unasukumwa. Kurudi Dubai unapambana nao.

Mmoja wa waliogundua mikondo hii ni Mjapani Wasaburo Oishi, mtaalamu wa hali ya hewa, aliyekuwa akirusha maputo na kuyafuatilia miaka ya 1920. Matokeo yake aliyaandika kwa Kiesperanto, lugha ya kubuni aliyotumaini dunia nzima ingeisoma. Wachache sana waliisoma. Marubani wa Marekani walikuja kukutana na upepo huo wenyewe juu ya Japani mwaka 1944, ndege zao zikawa zinasogea kwa taabu kila zilipouelekea.

Sisi tunaopanga safari za ndege, kazi yetu kubwa ofisini ni huo upepo. Ndege kubwa ya abiria hukata hewa kwa kasi ya kama kilomita 900 kwa saa, na kasi hiyo haibadiliki sana iwe inakwenda au inarudi. Kinachobadilika ni kasi yake juu ya ardhi. Tufanye njia halisi ni kilomita 6,000 na upepo ni wa wastani tu, kilomita 80 kwa saa. Kwenda, ndege inasogea kilomita 980 kila saa, na inakuwa angani masaa 6 na dakika 7 hivi. Kurudi inasogea 820, na inachukua masaa 7 na dakika 19. Tofauti imeshapita saa nzima, na hapo upepo haujakasirika. Januari na Februari ni zaidi. Julai na Agosti mkondo huo huhamia kaskazini mwa Tibet, na tofauti kati ya kwenda na kurudi hupungua sana. Wewe unakwenda Oktoba, wakati mkondo ndio unaanza kurudi kusini, kwa hiyo usishangae rubani akitangaza kuwa mtawahi kutua Guangzhou, wala usishangae kurudi kukiwa kama ratiba ilivyosema au kuchelewa kidogo.

Je, zile kilomita 5,830 na masaa 6 na dakika 50 za mtandaoni ni uongo? Hapana. Umbali ni sahihi, ila ni wa mstari mfupi kuliko yote juu ya tufe, kutoka uwanja hadi uwanja. Ule muda ni kazi ya kikokotoo: kinachukua umbali kinagawa kwa kasi fulani ya kukadiria, basi. Hakijui upepo, hakijui milima, hakijui foleni. Wala hakijui kwamba muda wa tiketi huanza ndege inapoachia lango la Dubai na kuisha inapoegeshwa Guangzhou, pamoja na kutambaa kuelekea njia ya kurukia, kusubiri zamu, na kuzungushwa karibu na kutua. Hapo katikati dakika 40 huondoka bila mtu kuziona. Mashirika nayo huongeza dakika kadhaa za akiba ili ndege isihesabiwe imechelewa. Ukitaka kupanga maisha yako, ifuate tiketi. Kikokotoo kiache kikusaidie kujua tu kama safari ni ya masaa matatu au kumi.

Ule mstari mfupi wenyewe unastahili kuangaliwa. Kwenye ramani ya ukutani ungedhani njia fupi ni kunyoosha rula kutoka Dubai hadi Guangzhou. Kwenye tufe ni tofauti: ukivuta uzi kati ya miji hiyo, unapanda kidogo kaskazini, unapita karibu na Agra, unakata kusini mwa Nepal na Bhutan, kisha unashuka kupitia Yunnan na Guangxi. Faida yake hapa ni ndogo, kama kilomita 45 tu, kwa sababu miji yote miwili haiko mbali sana na Ikweta. Kati ya Istanbul na Beijing, zilizo karibu na latitudo 40, kupinda namna hiyo kunaokoa kilomita 300 na ushei.

Lakini huo uzi ndege yako haitaufuata. Karibu na hapo ndipo Himalaya ilipo, na nyuma yake uwanda wa Tibet ambao wastani wake unapita mita 4,000. Ndege ikipoteza hewa ndani, rubani anatakiwa ashuke haraka hadi kama mita 3,000 ambako watu wanaweza kupumua wenyewe, kwa sababu vile vifuko vya hewa vinavyodondoka juu ya viti hutosha kwa dakika kumi na kitu tu. Huwezi kushuka mita 3,000 mahali ambapo mlima una 8,000. Ndiyo maana safari nyingi za upande huu hushuka kusini kidogo, juu ya India na Bangladesh au Myanmar, na kuingia China kupitia Yunnan. Kilomita mia mbili hivi zinaongezeka na hakuna anayezilalamikia.

Siasa nazo huchora njia. Februari 27, 2019, Pakistan ilifunga anga yake kwa sababu ya mgogoro na India, na upande wa mashariki haukufunguliwa kikamilifu mpaka Julai. Miezi yote hiyo, safari nyingi kati ya Ulaya, Ghuba na mashariki ya Asia zilizunguka na kurefuka. Mambo ya namna hiyo hutokea bila taarifa. Ukiingia China kuna jambo la tatu: sehemu kubwa ya anga iko chini ya jeshi, ndege za kiraia zinapewa njia nyembamba, na Guangzhou imezungukwa na viwanja vingine vyenye shughuli nyingi, Shenzhen, Hong Kong na Macau, vyote ndani ya delta ya mto mmoja. Kukiwa na mvua ya radi, ndege hukaa langoni milango imefungwa, kila mtu yuko kitini, hakuna anayeondoka. Ukipata nusu saa ya hivyo usimlaumu rubani.

Kwa hiyo usipange kikao cha mapema ukitua Dubai alfajiri ile. Na kama una ndege ya kukuunganisha kwenda Dar kwa tiketi nyingine tofauti, acha nafasi kubwa. Tiketi mbili zisizofungamana maana yake mzigo utautoa mwenyewe na kuusajili upya, na ukichelewa shirika la pili halikudai wala hulidai. Hapa muulize wakala wako swali moja tu: tiketi zangu ziko chini ya namba moja ya kuhifadhi nafasi (booking), au mbili? Jibu lake alionyeshe kwa maandishi.

Sasa Bangkok. Dubai hadi Bangkok ni kama kilomita 4,900, masaa 6 hivi. Bangkok hadi Guangzhou ni 1,700, karibu masaa 3 ukihesabu na mambo ya uwanjani. Kile kipande cha kwanza peke yake kinakukalisha karibu sawa na safari nzima ya moja kwa moja, halafu unaongeza foleni, ngazi, kusubiri na kupaa mara ya pili. Hujapumzisha miguu, umeichosha. Mimi nisingebadilisha. Kama si mzigo wa Deira, ningekuambia tafuta ndege ya moja kwa moja kutoka Dar, maana Dar–Guangzhou kwa mstari mfupi ni kama kilomita 8,700 wakati kupitia Dubai ni 9,800. Lakini hiyo ni masaa 10 au zaidi kwa mkupuo mmoja, na kwa miguu yako sina uhakika kama ni nafuu. Kule kukaa siku mbili Dubai huenda ndiyo pumziko lako zuri kuliko yote.

Ukitaka kutumia pesa kwa ajili ya miguu, itumie kwenye safari ya kurudi. Lipia kiti cha kando ya njia, usikae dirishani ambako utaona aibu kumwamsha jirani kila mara. Usiku mtu akilala ameketi, misuli ya shavu la mguu, ile ya nyuma chini ya goti, ambayo ndiyo inayosukuma damu irudi juu, haifanyi kazi, na maji ya mwilini hushuka kwenye vifundo. Weka simu itetemeke kila baada ya saa moja na nusu, simama, tembea mpaka chooni hata kama huna haja. Ukiwa kitini pandisha na shusha visigino. Begi usiliweke mbele ya miguu, nafasi ile ni ya kunyoosha. Kunywa maji, hewa ya ndani ni kavu sana. Vidonge vya usingizi achana navyo, vitakulaza bila kugeuka masaa yote manane.

Hapa utaalamu wangu unaishia, nawe unahitaji daktari uso kwa uso, si mimi wala mtu wa mtandaoni. Nenda kama wiki tatu kabla ya safari. Mwambie miguu ilivimba na mwonyeshe pakiti ya dawa, kwa sababu baadhi ya dawa za presha, amlodipine ikiwemo, zenyewe huvimbisha vifundo hata kwa mtu asiyepanda ndege. Huenda tatizo lako si ndege tu. Usiache dawa mwenyewe kwa kuogopa kuvimba, na kama unatumia ya kukojoza usiiruke kwa kuogopa foleni ya choo. Muulize pia saa za kumeza ukiwa China, maana saa mbili usiku ya Dar ni saa saba usiku ya Guangzhou. Kwa dawa ya mara moja kwa siku daktari anaweza kukupangia kuisogeza, lakini aseme yeye. Muulize kama soksi za kubana zinakufaa, na ukubwa gani. Aspirini usijiandikie. Dawa zote ziwe kwenye begi la mkononi, ndani ya pakiti zake.

Kuvimba miguu yote miwili kwa usawa na kukapungua ndani ya siku moja mbili ni jambo la kawaida kwa wasafiri. La kuogopa ni donge la damu, yaani damu kuganda ndani ya mshipa wa mguu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba hatari yake huongezeka kama mara mbili kwa safari inayozidi masaa manne, ingawa kwa mtu mwenye afya bado ni kama mtu mmoja kati ya 6,000. Hatari ni kubwa zaidi kwa aliyewahi kupata donge, mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye saratani, au anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni. Kama limo lolote hapo linalokuhusu, mwambie daktari hata asipouliza. Na ukiona mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, shavu la mguu linauma au lina joto, au ghafla unabanwa kifua na kukosa pumzi, usisubiri kufika Dar. Nenda hospitali hapo hapo ulipo, iwe Guangzhou au Dubai, na waambie umetoka kwenye ndege. Dalili hizo zinaweza kuja hata wiki kadhaa baada ya kurudi, ukiwa umeshasahau safari na uko dukani unapanga mzigo.